Kijana wa Muheza na kazi ya kulinda amana mtandaoni

Msimu wa machungwa unapofika, maisha ya Muheza huhamia barabarani. Malori hupakia na kuelekea Dar es Salaam, mengine huvuka mpaka kwenda Kenya, na malipo ya mkulima, ambayo zamani yalihesabiwa noti kwa noti chini ya mchungwa, sasa huingia kwenye simu yake. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, simu imekuwa benki ya watu ambao benki haikuwahi kuwafikia. Imekuwa pia mlango wa mwizi. Ni nani kati yetu hajapokea ujumbe kutoka kwa mtu asiyemfahamu, ukimwagiza kwamba ile fedha sasa aitume kwa namba nyingine? Wengi huufuta na kucheka. Lakini mama ambaye siku hiyo hiyo alikuwa anajiandaa kumtumia mwanawe ada ya shule, huyo huutii.

Ni katika mazingira haya mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, mwamini wa Muheza, alitujia baada ya Misa na swali ambalo tunaona linastahili kujadiliwa na familia nyingi. Anatamani kusomea usalama wa mtandao. Baba yake hataki kusikia. Kwake yeye, anayejifunza kufungua mifumo ya watu anajifunza wizi. Kijana aliuliza: je, kazi hii ni halali kwa Mkristo?

Tusimdharau baba huyu, kwa maana hofu yake ina msingi. Anayetaka kulinda mfumo hana budi kujua jinsi unavyovunjwa, na maarifa ni yale yale kwa mlinzi na kwa mdukuzi. Mfano ulio wazi ni wa Marcus Hutchins, kijana Mwingereza aliyejifunza kompyuta nyumbani kwa wazazi wake katika mji mdogo wa pwani. Mnamo Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Hutchins, akiwa na miaka 22, aligundua kwamba kirusi hicho kilikuwa kinatafuta anwani fulani ya mtandao isiyo na mwenyewe. Akaisajili kwa fedha kidogo tu, na kasi ya maambukizi ikakatika. Dunia ikamshangilia. Miezi michache baadaye alikamatwa nchini Marekani, kwa sababu miaka ya nyuma, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa ametengeneza programu ya kuiba taarifa za wateja wa benki. Alikiri kosa, na mwaka 2019 mahakama, ikitambua kwamba alikwisha kugeuka, haikumwongezea kifungo. Mikono iliyookoa hospitali ndiyo iliyokuwa imewatengenezea wezi zana. Kilichobadilika ni dhamiri, na dhamiri haifundishwi na kompyuta.

Hapa ndipo wazazi na Kanisa wanapoingia. Kijana mwenye kipaji cha namna hii hatangoja ruhusa yetu. Atajifunza kwa simu, usiku, kutoka kwa yeyote atakayekubali kumfundisha, na matapeli nao hutafuta wanafunzi. Ajue mapema kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila idhini, hata kama hakuiba chochote. Anayejaribu mfumo wa shule yake kwa udadisi tu ameshavuka mpaka. Mtaalamu wa kweli hujaribu kwa ridhaa ya mwenye mfumo, kisha humweleza udhaifu aliouona, na kwa wengine hunyamaza.

Kunyamaza huko Mama Kanisa analifahamu vema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika mafundisho juu ya Amri ya Nane, inahesabu siri za kikazi, kama za tabibu na za mwanasheria, kuwa jambo la kutunzwa, isipokuwa pale ambapo kuzificha kungeleta madhara makubwa yasiyoepukika kwa njia nyingine. Mlinzi wa mifumo anaona mishahara, magonjwa na madeni ya watu wasiomjua. Kwa hiyo jibu letu kwa kijana yule ni ndiyo: ni kazi halali, na ni huduma kwa maskini, kwa sababu tajiri aliyeibiwa ana wakili, bali mkulima aliyeibiwa fedha za msimu mzima hana wa kumsemea. Wapo wanaopenda kumtaja Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, kila kompyuta inapotajwa. Nasi tunampenda. Ila tusimgeuze kuwa hirizi ya kila kijana mwenye simu. Alitumia ujuzi wake kueneza habari za miujiza ya Ekaristi kwa sababu Misa ilikuwa tayari kiini cha siku yake.

Njia ya masomo ipo. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Uhasibu Arusha hutoa shahada katika fani hii, na ugumu mkubwa kwa wengi ni Hisabati, ambayo bado tunawaacha watoto, hasa wasichana, waikimbie mapema. Na mahitaji yapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kuzilinda. Hospitali, shule na vyama vya akiba na mikopo vya wilayani vitawapata wapi walinzi hao, kama si miongoni mwa watoto wa hapa hapa?

Hata hivyo kijana yule hahitaji kungoja shahada. Utapeli mwingi wa simu hauvunji mfumo wowote. Unamshawishi mtu mwema aharakishe. Katika Jumuiya yake Ndogo Ndogo anaweza kuwaonyesha wazee jinsi ya kupiga *106# ili waone laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao, na jinsi ya kupeleka namba ya tapeli kwa 15040 ya TCRA.

Nasi viongozi tujitazame. Sheria za Kanisa zinaidai kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na parokia nyingi sasa zinaingiza kumbukumbu hizo kwenye kompyuta. Katika ofisi moja tuliyoingia, neno la siri la kompyuta hiyo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kioo chake. Tulimweleza kijana habari hiyo. Akauliza kama Paroko angekubali aanzie hapo.