Mwacheni Mangungu

Kila mkataba mbaya ukijadiliwa nchini, jina moja hufufuliwa. Yakiwa madini, anatajwa. Ikiwa bandari, anatajwa. Chifu Mangungu wa Msovero, Usagara, aliyetia alama kwenye karatasi ya Carl Peters mwishoni mwa mwaka 1884, amegeuzwa tusi. Kumwita kiongozi Mangungu ni kumwambia kwamba amesaini asichokisoma.

Nasomea shahada ya uzamili katika historia, naishi Kisongo, na tusi hilo nimelisikia kwenye daladala na kwenye semina, likitolewa kwa uhakika uleule. Naomba tuliache. Linatufundisha uongo kuhusu namna nchi hii ilivyochukuliwa, na uongo wenyewe unatupendeza mno sisi tuliosoma: kwamba ardhi ilipotea kwa sababu wazee hawakujua kusoma. Kama ni hivyo, dawa ni vyeti vyetu.

Basi tuwatazame waliojua kusoma. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifunga mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Maandishi yake yalikuwa ya Kiarabu na Kiingereza. Wamarekani waliruhusiwa kuuza na kununua kwa kulipa ushuru wa asilimia 5 ya mzigo walioshusha, na pamba yao ilienea hadi bara, ndiyo maana bibi zetu waliita kitambaa kile merikani. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma meli yake, Sultana, mpaka New York. Waingereza walifunga naye mkataba wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Hapa hakuna mshamba aliyedanganywa kwa shanga. Kuna mfalme mwenye makarani, wakalimani na merikebu.

Mwanawe, Seyyid Barghash, alirithi Zanzibar ikiwa na marafiki hao wote. Tena mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeahidiana kuheshimu uhuru wa dola yake. Ikaja Februari 1885, Kaizari wa Ujerumani akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi juu ya nchi za karatasi zile. Barghash alielewa vizuri sana kilichoandikwa. Alipeleka simu ya kupinga Berlin. Alimtuma Jenerali Mathews hadi Kilimanjaro, na machifu kule wakatia alama kwamba wao ni raia wa Sultani. Muda mfupi baadaye akafika Jühlke, mtu wa Peters, naye akapata alama ya Mangi Rindi wa Moshi kwa ajili ya Wajerumani. Karatasi dhidi ya karatasi. Kilichoamua ni manowari za Kijerumani zilizotia nanga mbele ya Zanzibar Agosti 1885. Barghash akakubali.

Mwaka uliofuata Uingereza, rafiki wa mkataba, ilikaa na Ujerumani ikagawana naye bara, Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mstari waliouchora ndio unaopita Namanga leo. Kisongo, zaidi ya kuwa jina la mahali hapa ninapoishi, ni jina la Wamaasai walioko pande zote mbili za mstari huo. Hawakuombwa hata alama.

Utaniambia mikataba ya Peters ilikuwa ya kilaghai. Ilikuwa. Iliandikwa Kijerumani, na chifu mmoja hakuwa na mamlaka ya kugawa nchi. Lakini ulaghai hauelezi kwa nini karatasi zile zilishika. Mangi Meli, mwana wa Rindi, alikataa na kuwapiga Wajerumani mwaka 1892. Walirudi mwaka uliofuata na jeshi kubwa zaidi wakamshinda, na Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Aliyesaini alitawaliwa, aliyesoma alitawaliwa, aliyekataa alitawaliwa.

Nenda mnadani Kisongo uone jambo hili likifanyika bila karatasi. Wafugaji wawili wana ng'ombe wanaofanana. Mmoja anadaiwa ada ya mtoto leo, mwingine anaweza kumrudisha ng'ombe wake nyumbani. Mnunuzi akishawatambua, hawapi bei moja. Ujuzi wa bei wanao wote wawili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yako hapa Arusha. Mwaka 2016 Kenya ilisaini, Tanzania ikakataa, na mwishowe Kenya ikafunga mkataba wake peke yake Desemba 2023. Je, Wakenya hawana wanasheria? Wanao tele. Ila maua yao yangetozwa ushuru Ulaya wasiposaini, wakati Tanzania, ikihesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, iliendelea kuuza kule bila ushuru. Sisi tuliweza kumrudisha ng'ombe nyumbani. Tulijisifu kwa ujasiri, na sehemu kubwa ya ujasiri huo ilikuwa nafasi.

Kusoma mikataba ni lazima, na kuificha wananchi ni dhambi. Lakini Barghash alisoma. Mkataba mwingine ukiletwa, kabla ya kumtafuta Mangungu wa kumlaumu, tuwaulize wanaotaka kusaini: tukikataa, tutauza wapi, tutakopa kwa nani, na mmeandaa nini tangu jana ili tuweze kukataa? Wakikosa jibu, hata wakiwa na shahada tano kila mmoja, wameshasaini.