Nusura nilizwe kwa Leica ya dhahabu!

Leo nataka nikupe stori iliyonipata mwenyewe, siyo ya kusimuliwa kijiweni, na ndani yake kuna somo kwa yeyote anayetaka kununua kamera ya zamani, zile za filamu, huku mkwanja wake ni wa kuungaunga.

Mambo yalianza mwaka 2023. Nilipanda daladala la Mbagala jioni, si unajua jioni ya Mbagala ilivyo, hata pa kuweka unyayo hakuna. Kushuka, napapasa mfuko, simu hakuna! Basi bwana, simu yenyewe haikuniuma sana. Kilichoniuma ni picha. Mule ndani kulikuwa na picha kama arobaini za bibi mzaa mama, aliyefariki mwaka uleule, na hata moja sikuwa nimeitoa kwenye karatasi. Halafu nyumbani, kwenye albamu ya bi mkubwa, ipo picha ya bibi huyohuyo aliyopigwa studio akiwa binti, nyeusi na nyeupe, mpaka leo inang'aa. Ile imekaa miaka zaidi ya hamsini. Zangu kibaka kaondoka nazo dakika moja.

Nikasema imetosha. Nataka kamera ya filamu, nataka negativu niishike kwa mkono wangu. Nikajibana, soda nikaacha, chipsi kuku nikaziona kwa macho, mpaka nikafikisha shilingi laki tatu.

Mshikaji wangu mmoja, mtoto wa mjini kwelikweli, akaniambia nitafute renjifainda. Kwa usiyeijua, hii ni kamera ambayo huangalii kupitia lenzi. Ina kidirisha chake juu, na katikati ya kidirisha kuna kiraka chenye rangi ya manjano hivi. Ndani ya kiraka unaona vitu viwili viwili, utadhani umetoka kilabuni. Unazungusha lenzi taratibu mpaka vile viwili vinakuwa kimoja, hapo ndipo umelenga. Haina kioo cha kupanda na kushuka ndani, kwa hiyo ni ndogo na haipigi kelele. Unampiga mtu picha hata hajui.

Sultani wa kamera hizi ni Leica ya Mjerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Ile Leica M3 iliyotoka mwaka 1954 mpaka leo watu wanaililia. Lakini ukiitaka, jiandae kutoa fedha ya kununulia pikipiki, na hapo lenzi bado hujanunua. Mimi wa laki tatu nilikuwa nachungulia tu dirishani.

Wiki mbili baadaye mshikaji akanipigia, anahema. Kuna jamaa ana Leica, tena ya dhahabu, anataka laki tisa, ana shida ya haraka. Nikaenda mbio. Jamani, kitu kilikuwa kinawaka! Dhahabu mwili mzima, ngozi nyekundu, juu imechorwa tai wa Hitler. Jamaa akaniambia iliachwa na ofisa wa Kijerumani aliyepigana huku Tanganyika, vita ya kwanza, babu yake akaificha kwenye kisima.

Sasa hapa ndipo shetani alipokaa. Mfukoni nilikuwa na laki tatu zangu. Mfuko wa pili nilikuwa na laki sita za bi mkubwa, hela ya mchezo wa akina mama, amenipa nikamkabidhi kijumbe. Tatu na sita ni ngapi? Tisa kamili! Nikajiambia hii ni bahati, nachukua, naiuza milioni tatu, kesho kijumbe anapata hela yake. Naapa, mkono ulishaingia mfukoni.

Kilichoniokoa ni woga tu. Nikamwambia jamaa, "Kaka, twende kwanza kwa fundi saa mmoja Kariakoo, aiangalie dakika moja." Akasitasita, lakini harufu ya laki tisa aliisikia, akakubali.

Mzee wa watu akavaa kile kioo chake cha jichoni, akafungua lenzi, akachungulia ndani kwa tochi. Hakuchukua hata dakika. "Kijana," akaniambia, "huyu ni Mrusi amevaa kanzu ya Mjerumani."

Akanionyesha. Ndani, juu kidogo ya tundu la lenzi, kuna kijimkono kinachogusa mgongo wa lenzi ili kile kiraka cha kulengea kifanye kazi. Kwenye Leica ya kweli ya aina ile, ncha ya kijimkono ni gurudumu dogo la duara. Hii ilikuwa na kibati kilichochongwa kama kabari. Kumbe Warusi walianza kunakili Leica mwaka 1934 kule Kharkov, kamera ikaitwa FED, kwa herufi za majina ya Felix Edmundovich Dzerzhinsky, yule bosi wa usalama wa Wasovieti. Baada ya vita kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, nacho kikatoa yake, Zorki. Miaka ya baadaye wajanja wakawa wanazichukua hizo, wanazifuta jina, wanazipaka dhahabu na kuzichora matai. Zimejaa duniani kote.

Hata ile hadithi ya kisima, nilipokuja kupiga hesabu kichwa kikiwa kimepoa, nilicheka mwenyewe. Vita ya kwanza iliisha mwaka 1918. Leica ilianza kuuzwa 1925. Huyo ofisa aliiota?

Kumgeukia muuzaji, akakumbuka ghafla kwamba ana msiba Tandika. Kaipokonya kamera yake, huyo. Laki sita zikafika kwa kijumbe jioni ileile. Bi mkubwa, kama unausoma ukurasa huu, nisamehe, sikujui kama nitaweza kukutazama usoni Jumapili.

Fundi akanipa neno moja la maana: "Mrusi si mbaya. Ubaya ni kumlipa bei ya Mjerumani." Akanielekeza kwa mzee mmoja, injinia mstaafu aliyesoma Moscow miaka ya sitini, wakati vijana wetu wengi walikuwa wanapelekwa kule. Nikaenda, nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha kahawa. Akatoa Zorki-4 kwenye mkoba wake wa ngozi, na lenzi Jupiter-8. Namba ya mwili inaanza na 67, yaani ilitengenezwa mwaka 1967. Kamera hizi za Krasnogorsk mara nyingi tarakimu mbili za kwanza ndizo mwaka wake. Zorki-4 zilitengenezwa kuanzia 1956 mpaka 1973, zaidi ya milioni moja na laki saba, ndiyo maana bei yake haitishi.

Safari hii sikukurupuka. Fundi alishanipa darasa, nami nakupa bure kama lilivyo:

1. Fungua mgongo wa kamera, elekeza kwenye taa. Pazia lake ni la kitambaa. Ukiona vinukta vya mwanga, limetoboka, na kila picha itakuwa na madoa.

2. Fyatua spidi zote. Ile ya sekunde moja iwe sekunde moja kweli, rekodi kwa simu usikilize. Lakini angalizo: kwenye Zorki na FED, vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe spidi. Ukizungusha kabla ya kuvuta unaweza kuvunja meno ndani, na hapo utakuwa umenunua uzito wa kuzuilia karatasi.

3. Lenga kitu cha mbali sana, mnara wa simu au mwezi. Lenzi ikifika mwisho wake wa mbali, vile viwili lazima viwe kimoja. Visipokutana, fundi anaweza kurekebisha, ila punguza bei.

4. Mulika lenzi kwa tochi. Mikwaruzo midogo mbele isikutishe. Ogopa vitu kama utando wa buibui, hao ni fangasi, na kwa jasho hili la Dar wanastawi kuliko mchicha. Ukishanunua, hifadhi kamera kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

5. Hakikisha kile kijigurudumu cha kukusanyia filamu kimo ndani. Kwenye nyingi ya hizi kinatoka, na kikitoka hupotea.

Mzee alitaka laki moja na themanini. Pazia zima, lenzi safi, ila spidi ya sekunde moja ilikuwa inasinzia. Tukakubaliana laki moja na thelathini, kwa sharti moja: nikishajua kuitumia, nirudi nimpige picha. Tangu mkewe afariki, alisema, hajawahi kukaa mbele ya kamera.

Hesabu yangu ikawa hivi. Kamera 130,000. Fundi kuisafisha na kuitia mafuta mapya 50,000. Zilizobaki 120,000, filamu na kusafisha picha. Ndugu yangu, hapa ndipo wengi mnapoanguka. Mnamaliza hela yote kwenye kamera, halafu hamna hata ya filamu moja. Gawa mapema. Kamera bila filamu ni pambo la kabatini.

Sasa cheka. Filamu ya kwanza nilipiga kwenye sendofu ya binamu yangu. Nilitamba huyo! Picha 36, shangazi wote wakajipanga, bibi harusi akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kijana anayenisafishia filamu akanirudishia mkanda mweupe peee. Filamu haikunasa kwenye kijigurudumu. Nilikuwa navuta hewa ukumbi mzima! Mpaka leo nikiingia kwa shangazi naulizwa, "Picha zetu ziko wapi, mpiga picha?" Kwa hiyo kila unapovuta, tazama kile kitufe cha kurudishia filamu upande wa pili. Kisipozunguka, filamu haitembei.

Filamu ya pili nikapoteza picha nne kwa kusahau kifuniko cha lenzi. Kidirisha hakipiti kwenye lenzi, kwa hiyo unaona dunia yote safi kumbe lenzi imefunikwa gubigubi. Usiwe na hasira ukakitupa, maana jua likiingia moja kwa moja kwenye lenzi linaweza kuunguza pazia la kitambaa na kulitoboa.

Kupima mwanga? Zorki-4 haina kipimo. Jua likiwa kali, weka tundu kwenye 16, spidi iwe karibu na namba ya filamu yako: filamu ya 400, spidi 500, filamu ya 100, spidi 125. Kukiwa na wingu, fungua tundu zaidi. Ni rahisi kuliko kupika ugali.

Je, kama hutaki Mrusi? Zipo za Kijapani ambazo lenzi haitoki: Canonet QL17 na Yashica Electro 35. Lenzi zake ni kali na kulenga ni raha. Ila zilitengenezwa kwa betri za zebaki, ambazo siku hizi zimepigwa marufuku sehemu nyingi. Canonet hufyatua hata bila betri, unapima mwenyewe. Yashica bila betri haikupi spidi sahihi, kwa hiyo usinunue kabla hujaiona ikiwaka na betri mbadala.

Na lenzi za kuongeza? Usiwe na pupa. Milimita 50 inatosha mwaka mzima. Ukitaka kupanua, tafuta Jupiter-12 ya milimita 35. Zinafungwa kwa skurubu ya milimita 39, kwa hiyo kesho ukipata kamera nzuri zaidi ya skurubu hiyohiyo, kama Canon P ya Kijapani, lenzi zako unahama nazo nyingi. Lakini ijaribu kwanza mwilini, Jupiter-12 ina kitako kirefu nyuma, si kila kamera inaipokea.

Filamu ya tatu nilirudi kwa yule mzee. Alikuwa amevaa suti na tai, kumbe ananisubiri tangu asubuhi. Nikamweka barazani, kiraka kikakutana kwenye jicho lake la kushoto, nikafyatua. Mbili tu. Zote zikatoka. Nilipompelekea aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Hii itabaki." Akaenda kuiweka karibu na ya mkewe.

Picha za bibi yangu hazirudi, hilo nalijua. Lakini bi mkubwa nimeshampiga filamu nzima, na negativu nimezificha mahali ambapo kibaka wa daladala hafiki.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na ukiona dhahabu inauzwa kwa haraka, kamata mfuko wako kwanza!