Maelekezo Mabaya, Kipimo Kibaya

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini yuko mtoto asiyesikia kwa kuwa sikio lake limejaa majimaji, wala si kwa ukaidi. Darasani huitwa mzembe, ilhali kosa li katika mrija mwembamba uunganishao sikio la kati na nyuma ya pua.

Kazi ya mrija huo huifahamu kila msafiri atokaye Kericho kwenda Kisumu. Gari literemkapo kuelekea uwanda wa Kano, masikio huziba. Akimeza mate, mrija hufunguka na shinikizo la hewa husawazika pande zote mbili za kiwambo cha sikio. Kwa watoto, mrija huo ni mfupi na umelala zaidi, hivyo hushindwa kazi kwa urahisi.

Kliniki zenye mashine hupima jinsi kiwambo kinavyoitikia mabadiliko ya shinikizo. Hata hivyo, kipimo kilicho rahisi zaidi, kiitwacho kwa jina la Valsalva, tabibu wa Kiitaliano (1666–1723), hutegemea maneno. Mgonjwa huziba pua, hufumba mdomo na kusukuma hewa taratibu, huku tabibu akitazama iwapo kiwambo kinasogea. Akiambiwa tu “pumua kwa nguvu”, ataachama. Akiambiwa “vuta hewa”, atatenda kinyume kabisa. Kiwambo kitatulia, na mrija usio na hatia utashukiwa. Kipimo chenyewe kina mipaka: wapo wazima wasiokiweza, na anayekiweza huthibitisha tu kwamba mrija wafunguka kwa kusukumwa. Kwa nini basi lugha iongeze shaka nyingine?

Mzee wa Usenge huenda akahudumiwa vyema zaidi kwa Kijaluo, na hilo lisipingwe. Lakini Kisumu ni mji wa Wajaluo, Waluhya, Wakisii na wengineo. Mganga na mgonjwa wasioshiriki lugha ya mama hukutana katika Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 ilikifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Vyuo vimejadili istilahi kwa miaka mingi, mara nyingi vikitafuta jina la kitu na kusahau sentensi ya kukitumia. Wanafunzi wa Kiswahili na waketi na matabibu wa masikio, waandae maelekezo mafupi, kisha wayajaribu kwa wagonjwa wenyewe. Istilahi isiyomsaidia mgonjwa kuziba pua na kufumba mdomo kwa wakati ufaao ni pambo la kamusi tu.