Joto la ardhini lifike maghalani

Wafanyabiashara wa mahindi hawajasahau Machi 2021. Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama Namanga na Busia. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Sumukuvu haizaliwi mpakani. Huanzia shambani na kuongezeka ghalani, mahindi yanapohifadhiwa kabla hayajakauka. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, turubai na jua havitoshi.

Msaada uko chini ya ardhi. Huko Iceland, takriban nyumba tisa kati ya kumi hupata joto kutoka ardhini, na majengo ya zamani yaliyotumia makaa ya mawe yaliunganishwa na mabomba bila kubomolewa. Bonde la Ufa nalo lina joto. Eburru, nchini Kenya, mvuke umetumika kukausha pareto tangu enzi za ukoloni. Karibu na Naivasha, shamba la Oserian limepasha joto vitalu vya maua. Menengai kumejengwa kikaushio cha nafaka cha majaribio.

Majaribio hayo sasa yawe biashara. Visima ni ghali kuchimba, hivyo kazi ianzie kwenye vilivyopo, ambako maji moto hurudishwa ardhini baada ya mvuke kutenganishwa. Kwa kuwa joto halisafirishwi mbali kwa faida, maghala ya Nakuru yaliyo karibu na visima yawekewe mabomba na feni kwanza. Tanzania nayo, inapoendeleza joto la ardhi la Mbeya, mkoa wenye mahindi mengi, ipange ukaushaji tangu mwanzo, isisubiri umeme pekee.

Kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kwa hiyo mkulima apeleke mahindi mapema, mnunuzi amlipe bei inayotambua ukavu, na cheti cha ghala lililokaguliwa kikubalike katika kila mpaka wa Jumuiya. Lori likirudishwa, mtaji wa mfanyabiashara ndio unaopotea. Ni nafuu shehena ipimwe na kukaushwa kabla ya safari kuliko kuozea foleni.