Kuhesabu ndege Mida ni kazi, wanaoifanya walipwe

Kuna swali ambalo Mkenya yeyote atakuuliza ukimwambia kwamba kuna watu Watamu wanaokesha kwenye tope ili kumpima ndege uzito. Hatauliza ni ndege gani. Atauliza, "Wanalipwa ngapi?"

Wengine husikia dharau katika swali hilo. Mimi naona ni swali zuri kabisa na nitalirudia. Lakini hebu kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaicheka bila kuijua.

Mida ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi. Maji yakipwa, panabaki uwanja mpana wa tope na mchanga uliozungukwa na mikoko. Wewe unayepita na matatu ya Malindi huku umeinamia simu, hata huoni kitu. Lakini ndege aliyetoka Siberia anapaona kama kibanda cha chakula kisichofungwa, usiku na mchana, na bili hakuna.

Watamu hapo hapo kuna Mwamba, kituo cha utafiti na uangalizi wa ndege kinachoendeshwa na shirika la A Rocha Kenya. Huko ndiko utakutana na hawa watu wa kukesha.

Msimu ninaouzungumzia ni huu wa Machi hadi mwanzo wa Mei. Huko kaskazini mwa dunia theluji inaanza kuyeyuka na majira ya chipukizi yanaingia. Kwetu masika yanabisha hodi, upepo wa kaskazi umechoka na kusi anajipanga. Ndege waliokuja kwetu tangu Agosti wanajiandaa kurudi kuzaa, na kituo kina wiki chache tu za kuwapata kabla hawajapaa.

Sasa, usidhani ratiba ya hapo inafuata saa ya ukutani. Inafuata maji. Ndege wa ufuoni hula maji yakipwa, iwe mchana au usiku. Maji yakijaa, tope lote linafunikwa na wao hujikusanya kwenye vipande vichache vilivyobaki vikavu, wakisubiri. Hapo ndipo unaweza kuwanasa. Mchana wataiona nyavu na kuikwepa, kwa hivyo unahitaji usiku wenye giza, na unahitaji bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo. Kwenye pwani yetu maji hayo hujaa karibu saa kumi. Ndiyo, saa kumi ya alfajiri, ile saa ambayo wewe ndio kwanza unatoka klabu.

Nyavu zenyewe ni nyembamba kama nywele, zimefungwa kwenye miti iliyosimikwa kwenye tope. Watu hawapigi kelele. Kila baada ya muda mfupi mtu anapita kukagua, tope likimshika magotini, tochi kichwani. Aliyenaswa anatolewa polepole, mguu, bawa, kichwa, kisha anawekwa kwenye mfuko wa kitambaa na kupelekwa nchi kavu. Giza humtuliza.

Pale nchi kavu kuna foleni ya mifuko. Kila ndege anavishwa pete nyepesi ya chuma mguuni, yenye nambari ambayo hakuna ndege mwingine anayo. Bawa linapimwa kwa rula. Manyoya yanakaguliwa kuona yapi ni ya zamani na yapi yameota juzi. Anawekwa kwenye mizani, kisha anaachiliwa. Ukimfanyia kazi mtu mwenye mazoea, inaisha ndani ya dakika chache.

Mtu ninayemhurumia zaidi ni yule anayeandika. Yeye hamshiki ndege, hapigwi picha. Ameketi na daftari na penseli, mbu wanamla, anasomewa nambari gizani na anazirudia kwa sauti ili asikosee. Akikosea tarakimu moja tu, ndege huyo akija kunaswa nchi nyingine atakuwa ndege mwingine kabisa, na safari yake yote imepotea. Hebu fikiria uzito huo kwenye penseli, saa kumi na nusu alfajiri, na hujalala.

Kukipambazuka nyavu zinafungwa na darubini zinatoka. Sasa ni kuhesabu kwa macho, ndege mmoja mmoja, kundi kwa kundi, kabla hawajatawanyika kwenye tope linaloanza kuonekana. Halafu ni chai, mahamri na mbaazi. Halafu kompyuta, kuingiza kila kilichoandikwa usiku, kazi ambayo hakuna anayeiweka TikTok. Halafu usingizi, kama joto litakuruhusu. Siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50, na ratiba yote inasogea nayo.

Kwa nini mtu ajitese hivi? Chukua kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Mwezi Desemba ukimshika ni wa kijivu, hana mvuto, ana gramu 50 na ushee. Rudi mwezi Aprili. Kifua kimekuwa chekundu kama tofali na uzito unaweza kupita gramu 70. Hayo yote ni mafuta aliyoyakusanya kwenye tope la Mida, kutoka kwa minyoo na vijikaa usivyoviona. Ndiyo nauli yake ya kwenda hadi tundra ya Siberia, ambako majira ya joto ni mafupi mno na anayechelewa hazai. Tope likikosa chakula mwezi Aprili, hasara inaonekana Siberia mwezi Juni, na sisi huku tunaigundua mwaka unaofuata, wakati idadi inayorudi imepungua. Mizani ile ya usiku ndiyo ingekupa habari mapema.

Au chukua yule ndege mla-kaa, mweusi na mweupe, miguu mirefu, mdomo mzito kama nyundo. Mida ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana kwa kumwona nchini. Huyu haendi Siberia. Huenda kuzaa kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, na huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, joto la mchanga likimsaidia kulitunza. Majahazi ya zamani yalikuwa yakirudi Arabuni Aprili, kusi inapoanza kuvuma. Ndege huyu bado anasafiri kwa kalenda hiyo hiyo. Watu wa Pwani wana ndugu Oman, si ajabu wakawa na ndege wa kushirikiana pia.

Kuna wanaobaki, kwa taarifa yako. Vitwitwi wa mwaka wa kwanza wengi hawaendi kaskazini. Wanabaki Afrika na manyoya yao ya kijivu mpaka mwaka unaofuata. Hakuna anayewauliza wataoa lini.

Basi turudi kwa pesa.

Sehemu kubwa ya kazi hii, hapa kwetu na kwingineko duniani, inafanywa kwa kujitolea. Neno tamu hilo. Tatizo ni kwamba kujitolea kunahitaji mtu awe na cha kujitolea. Kijana wa Ulaya aliyemaliza shule anaweza kuchukua miezi mitatu kufuata ndege, wazazi wakamlipia tikiti na malazi, kisha akarudi na barua ya sifa inayomfungulia chuo kikuu. Simlaumu, na kazi yake ni ya kweli. Lakini kijana wa Gede au Mtwapa ambaye nyumbani wanasubiri alete unga, huyo miezi mitatu bila chapaa ataitoa wapi? Nauli pekee inamshinda. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekulia kando ya Mida, anayejua tope lipi litakumeza na lipi litakubeba, anaishia kuwa mbeba miti ya nyavu huku mgeni akiandika ripoti.

Na ripoti ni nguvu, tusidanganyane. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, mwendo mfupi tu kutoka Mida, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao. Baadaye serikali ikageuza macho kuelekea Siaya. Sisemi kwamba ni ndege waliozuia kitu. Watu walisimama wenyewe, wengine wakaumia. Lakini mradi wowote mkubwa nchini unatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, ripoti inapelekwa NEMA, na umma unapewa nafasi ya kutoa maoni. Ukifika hapo na kusema "pale kwetu kuna ndege wengi sana", utaandikwa na kusahaulika. Ukifika na hesabu za miaka kumi, mwezi kwa mwezi, za ndege wanaotegemea uwanja ule ule, sasa mnazungumza. Siaya nako kuna ziwa na vinamasi. Je, kuna kijana wa pale mwenye hesabu zake?

Najua utaniambia: watu wana njaa, wewe unaniletea habari za ndege. Sawa. Lakini lile tope linalomlisha kitwitwi ndilo kitalu cha kamba, kaa na samaki wachanga ambao mvuvi wa Mida anawategemea wakikua. Ndege wakianza kukonda, mvuvi ana sababu ya kuuliza maswali kabla ndoano hazijarudi tupu. Isitoshe, pale Mida kuna daraja la mbao linaloning'inia, linalopita kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada wanayolipa wageni inaingia kwenye mpango wa ASSETS, unaotoa basari kwa wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna watu wamemaliza kidato cha nne kwa sababu mgeni fulani alitaka kumwona ndege mla-kaa. Hiyo si hadithi ya njaa na ndege kushindana.

Ninachodai ni kidogo. Tulishaona serikali ikiwalipa vijana kufyeka na kuzibua mitaro kupitia Kazi Mtaani mwaka 2020. Tumeona vijana Nairobi wakilipwa kusafisha mto kupitia Climate WorX. Mipango hiyo ina kasoro zake na malipo ya kuchelewa tumeyasikia sana. Lakini ilithibitisha jambo moja, kwamba serikali ikitaka, inajua namna ya kumlipa kijana kwa siku kwa kazi ya mazingira. Basi kuhesabu nako kuingie. Vijana 20 wa kutoka vijiji vya kandokando ya Mida na mdomo wa Sabaki, wafundishwe, walipwe kwa kila bamvua na kila hesabu ya mwezi. Gharama yake haifiki hata ile ya semina moja ya hoteli kubwa, na zile semina tunazijua.

Na pesa ziendane na majina. Aliyeshika penseli saa kumi alfajiri jina lake liwe kwenye ripoti. Nasema hivyo kwa sababu jina ndilo litakalompa kazi ya pili.

Wewe uliye Nairobi, Kisumu au Nakuru, huhitaji kusubiri Kilifi. Kila Jumatano asubuhi, Nature Kenya huwa na matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia makavazi ya taifa Nairobi. Kuna pia Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa nchi nzima ambao unaufanya kwa simu yako. Nchi imegawanywa kwa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Unachagua mraba, unaandika kila aina ya ndege unayoiona au kuisikia kwa angalau saa mbili, na orodha yako ina siku tano ya kukamilika. Mraba wa mtaani kwenu una haki sawa na wa Maasai Mara. Anza na kunguru na korongo wa jalalani kama ndio mlio nao. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, hutakosa pa kwenda baadaye. Onyo tu: bando itaisha, na rafiki zako watakucheka kwa wiki mbili hivi.

Kwa wale wa Kilifi, nina ombi mahususi. Kila mwaka, makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kuna vikao vya umma kutoa maoni. Ni siku zile zile ambazo vitwitwi wekundu wanaondoka Mida makundi kwa makundi, jioni, wakipiga kelele. Nenda kwenye kikao. Mkono ukikubaliwa, uliza idara ya mazingira imetenga shilingi ngapi za kulipa watu wa kuhesabu, wangapi, na kutoka vijiji gani. Usikae chini mpaka utajiwe nambari.