Baada ya Zamu ya Usiku, sehemu ya 6: Mdalasini ni wa kwenye mkate

Nimetoka zamu, nimeoga, nimekaanga slesi nne za mayai na mdalasini. Mbili nimekula, mbili nimewaachia watoto. Sasa naandika haraka kabla usingizi haujanibeba.

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari. Kitakuja, msinidai. Leo naomba tuongee mdalasini, kwa sababu inbox yangu imejaa swali moja tu: "Sista, ni kweli mdalasini unashusha sukari?" Na wengine hata hamuulizi, mnanirushia ile meseji inayozunguka kwenye magrupu: kijiko cha mdalasini kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni, utasahau vidonge.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kununa anune mapema. Mdalasini naupenda, na ningependa kila mwenye kisukari aule. Aule kwenye chakula, akiwa amekaa mezani na wenzake, na vidonge vyake amevimeza. Tulipoutoa jikoni tukaupa kazi ya metformin, ndipo balaa lilipoanza.

Nina mama yangu mdogo anakaa Muheza. Ameniruhusu nisimulie, jina tu ndio kanikataza. Kisukari chake kiligundulika mwaka 2016, na mimi, msomi wa familia, nikachukua usukani. Nikamtengea chakula chake: dona, mchicha, uji wa ulezi usio na sukari, chai isiyo na sukari. Asubuhi wenzake wakinywa chai na maandazi sebuleni, yeye anakunywa uji wake chumbani ili asitamani. Nilijiona nimefanya kazi nzuri kweli. Hadi dada zangu niliwasifia kwa kumsimamia.

Miaka ikapita, meseji ya mdalasini ikamfikia. Muheza mdalasini sio kitu cha kutafuta, milima ya Amani iko pale juu na viungo vinashuka sokoni kila siku. Akaanza kunywa. Akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Na akarudi sebuleni kwenye maandazi, kwa sababu si amepata dawa?

Baada ya kama miezi miwili dada akanipigia usiku. Mama mdogo anakojoa kila saa, anakunywa maji hashibi, anaongea vitu havieleweki. Wamemwazima jirani mashine ya kupima sukari, lakini imeharibika, haitoi namba, inaandika HI. Jamani, mashine haikuharibika. Ikiandika HI maana yake sukari imepanda hadi kipimo kimeshindwa kuisoma. Mashine nyingi zinafikia hapo sukari ikivuka 33. Ukiona hivyo usiwashe jiko kuchemsha chochote, tafuta usafiri wa hospitali.

Alilala wodini wiki nzima. Alipopata nafuu nikamuuliza, mama, vidonge umeacha kwa nini na mimi nipo? Akanijibu taratibu: "Mwanangu, ile meseji iliniruhusu kula na watu."

Sikuwa na jibu. Na nawaambia ukweli, hilo jibu limenifundisha kuhusu kisukari kuliko semina nyingi nilizokaa.

Sasa tuongee huo mdalasini wenyewe. Mwaka 2012 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima pamoja, walichambua majaribio 10 ya mdalasini kwa watu 577 wenye kisukari. Walichosema ni kwamba ushahidi hautoshi kuushauri utumike kutibu. Hawakusema ni sumu, ila kazi hiyo haukuonekana kuifanya. Aliyekutumia meseji hana majaribio hata mawili, ana shemeji yake aliyepona.

Halafu kuna hili ambalo meseji hailisemi kabisa. Mdalasini sio wa aina moja. Upo wa Ceylon, yaani asili yake Sri Lanka, gome lake ni jembamba kama karatasi, limejikunja tabaka nyingi ndani kwa ndani, unalivunja kwa vidole. Na upo unaoitwa kassia, gome nene, gumu, limejikunja tabaka moja tu, harufu kali. Kassia ina kitu kinaitwa kumarini, ambacho kikizidi kinaweza kuumiza ini. Kipimo wanachokubali Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Wajerumani walipopiga hesabu, mtu wa kilo 60 anafikia kikomo hicho kwa takriban gramu 2 za kassia. Kijiko kimoja cha chai kinaweza kuzidi hapo. Mama mdogo alikuwa anatumia kijiko kikubwa, mara mbili kwa siku. Kwenye slesi zangu nne mdalasini haufiki kijiko cha chai, na nyumba nzima imekula.

Na nunueni gome zima, sageni wenyewe kwenye kinu. Mwishoni mwa 2023 Marekani watoto walikutwa na madini ya risasi kwenye damu, chanzo kikawa rojo ya matufaa iliyotiwa mdalasini wa unga wenye risasi. Unga huwezi kuujua umechanganywa na nini. Gome unaliona.

Haya, twende jikoni. (Wazanzibari msinishambulie, najua mkate wa mayai wenu ni kitu kingine, ni kama keki. Hapa nasema slesi za mkate zilizochovywa kwenye mayai zikakaangwa.)

Tumia mkate wa jana au juzi. Mkate wa leo ni laini mno, ukiuchovya unakatika mkononi. Hata Wafaransa wenyewe wanakiita chakula hiki *pain perdu*, mkate uliopotea, kwa sababu kilikuwa njia ya kuokoa mkate uliokauka. Ila uliokauka sio wenye ukungu. Ukiona doa la kijani kwenye slesi usikate kipande ukala kinachobaki, ukungu unakuwa umeshapenya ndani usikouona. Tupa. Na kama unapata mkate wa ngano isiyokobolewa, chukua huo, lakini soma mfuko kwanza maana rangi ya kahawia peke yake haithibitishi kitu.

Kwa slesi nne: mayai mawili, maziwa robo kikombe hadi nusu, chumvi kidogo sana ya kushika kwa vidole viwili, mdalasini nusu kijiko cha chai. Kosa la wengi ni kumwaga mdalasini juu ya mayai. Unaelea, unafanya madonge, slesi ya kwanza inabeba wote na ya nne haina kitu. Ukoroge kwanza na maziwa kijiko kimoja hadi uwe kama tope laini, ndipo uchanganye na mayai, upige kwa uma. Na kila unapochovya slesi koroga tena.

Sukari mimi siweki. Najua mmeshtuka. Jaribu mara moja kisha uniambie. Ile harufu ya mdalasini tumezoea kuikuta kwenye vitu vitamu, kwa hiyo ulimi unadanganyika, unahisi utamu ambao haupo. Hapo ndipo mdalasini unapomsaidia mwenye kisukari kweli, unamtoa sukari kwenye sahani bila yeye kuilia. Na asali? Asali ni sukari, ndugu zangu, hata ikitoka kwa nyuki wa Tabora.

Kikaango kipate moto wa wastani, mafuta kijiko kimoja cha chai unayasambaza, sio ya kuogelea. Chovya slesi kila upande kama sekunde kumi, acha ichuruzike, weka. Moto ukiwa mkali nje inaungua na katikati yai linabaki bichi, na yai bichi linaweza kubeba salmonella. Kwa mjamzito, mtoto mdogo na mzee hilo sio jambo la kuchezea. Funika dakika mbili hivi, geuza, funika tena. Ukibonyeza katikati na kijiko isitoke majimaji.

Sasa hesabu ya mwenye kisukari, maana najua wenzangu wa wodini watasoma hii na kuniuliza, "Wewe nesi gani unawapa wagonjwa mkate?" Slesi moja ya kawaida ina wanga kama gramu 15. Kwa wengi slesi mbili kwa kifungua kinywa zinaingia kwenye mpango, ukizingatia zina yai ndani linalokufanya ushibe. Linganisha na maandazi manne na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Pembeni weka tango, parachichi au nusu ya ndizi mbivu, na chai iwe bila sukari. Aliyepewa mpango wake maalum na daktari, au mwenye tatizo la figo, afuate huo, asifuate wangu.

Pingamizi lao nalielewa, na nusu yake ni kweli. Ukimwambia mtu slesi mbili, wapo watakaokula sita. Mama mdogo mwenyewe ni mmoja wao. Lakini mimi nimeshajaribu ile njia ya kumnyima, kwa miaka, na matokeo yake nimewasimulia hapo juu. Mtu ukimtenga na sahani ya nyumbani, hatakaa na njaa ya watu maisha yake yote. Atatafuta mlango wa kurudi, na mlango utakaokuwa wazi ni wa meseji.

Kuna na suala la vidonge vyenyewe. Metformin inamezwa pamoja na chakula, vinginevyo tumbo linavuruga. Ukimeza glibenclamide halafu usile, sukari inashuka, unatetemeka, unatoka jasho, unaweza kuanguka. Kwa hiyo mgonjwa aliyechoshwa na uji wake anakuwa na njia mbili mbaya: ameze bila kula, au asimeze kabisa. Nimewapokea wote wawili, mara nyingine kwenye zamu moja.

Nyumbani Muheza sasa hivi wanakaanga kikaango kimoja kwa wote. Wajukuu walilalamika siku mbili za mwanzo kwamba hazina sukari, ya tatu wakanyamaza. Vidonge vimehamishwa kutoka chumbani, viko kwenye kikopo karibu na chupa ya chai, na mjukuu mkubwa ndiye anayeuliza, "Shikamoo bibi, umemeza?" kabla sahani haijashuka. Sukari yake bado ina siku mbaya, sitawadanganya. Juzi asubuhi ilikuwa 9 kabla hajala, na tukagundua kuna msiba alikwenda akala pilau sahani mbili na soda.

Nilipomgombeza kwenye simu akacheka. Akasema pilau la msibani lilikuwa na mdalasini mwingi.

Tutaonana Jumatano, kama zamu itaniachia nguvu. Kidonda cha mguu. Mwenye viatu vya ndani vya mgonjwa wake avikague kabla ya siku hiyo, apitishe mkono ndani, aniambie amekuta nini.