Kura ya Dada Yangu Iko Wapi?

Mimi ni mtu wa Mwenge. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema ili ujue nimesimama wapi. Ukishuka kwenye daladala pale njia panda, ukaipa mgongo barabara ya Bagamoyo na kushika ile ya kwenda Ubungo, unakanyaga Barabara ya Sam Nujoma. Kila siku watu wanapita juu ya jina hilo wakigombea viti na kugombana na makonda, na hawajiulizi mwenye jina alifanya nini hapa Dar es Salaam. Alikuwa mkimbizi wa siasa. Alitoka Namibia mwaka 1960, akarudi kwao Septemba 1989, na Machi 1990 akawa Rais wa kwanza wa nchi hiyo. Katika karibu miaka 30 ya kuishi nje kazi yake ilikuwa moja: kusemea siasa za kwao akiwa kwa watu. Hatukumwambia, "Si uliondoka? Basi nyamaza." Chama chake tulikipa mahali pa ofisi, na baadaye yeye mwenyewe tukampa barabara.

Basi hoja yangu ni hii, na naitaja mapema ili asiyeitaka ageuze ukurasa. Raia wa Tanzania anayeishi nje ya nchi ananyimwa kura bila sababu ya haki, na sisi tuliobaki nyumbani ndio tunaoshangilia anyimwe. Nasema sisi kwa sababu na mimi nilikuwemo.

Tunaye jirani Mmarekani, mzee wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu, amepanga vyumba viwili nyuma ya kijiji cha wachongaji. Kabla ya kuja huku aliishi Mexico, kando ya ziwa Chapala, ambako anasema wastaafu wa kwao wamejaa kama kumbikumbi. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na chapati kijiweni kwetu, na chai haijapoa ameshaanza: Washington hivi, Bunge lao vile, huyu mwongo, yule mwoga. Oktoba 2024, uchaguzi wao ulipokaribia, akawa hashikiki. Siku moja kijana wa bodaboda akamkatiza: "Mzee, si ulihama mwenyewe? Siasa za kule zinakuhusu nini? Kunywa chai bwana!" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mzee hakukasirika. Alitoa simu akatuonyesha karatasi yake ya kura. Kumbe sheria yao ya mwaka 1986 inampa raia aliye nje haki ya kumchagua Rais na wabunge wa Bunge lao la taifa, kwa kuhesabiwa pale alipoishi mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Tena sheria nyingine ya mwaka 2009 inataka karatasi hiyo itumwe siku 45 kabla ya uchaguzi kwa aliyeiomba mapema. "Wananidai fomu za kodi hata nikiwa hapa Mwenge," akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "basi na kura inifuate." Vijana wakarudi kwenye habari za Simba na Yanga. Mimi kicheko kilinikauka, kwa sababu nilimkumbuka dada.

Dada yangu yuko Muscat tangu mwaka 2017, anafanya kazi za ndani. Kabla ya hapo aliuza vitenge Mwenge. Mwaka 2015, lilipoanza lile daftari la alama za vidole, alipanga foleni tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akapata kadi, na Oktoba ile akapiga kura. Hiyo ndiyo kura yake ya mwisho. 2020 ilimpita, 2025 ikampita. Hajaukana uraia; pasipoti yake ni ya Tanzania na hana nyingine. Fedha yake ndiyo iliyonilipia chuo, ndiyo inayomnunulia mama dawa za sukari. Bei ya mchele ikipanda Mwenge, wa kwanza kuijua ni yeye, maana ndiye anayepigiwa simu. Halafu huyu ndiye tunayemwambia eti mambo ya nchi hayamhusu!

Na usidhani Mmarekani ni mfano wa matajiri tu. Tubaki hapa hapa Mwenge. Pale kwa wachongaji yuko fundi mmoja wa Kimakonde, mzaliwa wa ng'ambo ya Ruvuma, kazi yake mpingo tangu ujana. Raia wa Msumbiji walio nje walianza kupiga kura mwaka 2004, na Tanzania ilikuwamo katika nchi walizopigia. Bunge lao lina viti viwili vya raia walio nje, kimoja cha Afrika na kimoja cha kwingineko duniani. Mzee huyu ana mbunge anayemwakilisha yeye kama Mmakonde aliye Dar es Salaam! Hatua chache kutoka kwake kuna Mkenya mwenye duka la vipuri. Mwaka 2013 Wakenya wanaoishi Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi walipiga kura ya Rais huko huko waliko. Wakapiga tena 2017 na 2022. Hata Mexico aliyoihama mzee wetu, wananchi wake walio Marekani wanamchagua Rais wao tangu mwaka 2006. Kwa hiyo mtaa wangu una Mmarekani, Mmsumbiji na Mkenya, wote wana kura za kwao mkononi wakiwa kwetu. Mwenyeji wa mtaa akivuka mpaka wa Namanga tu, kura yake inabaki nyuma kama ndala iliyokatika.

Utaniambia ni Katiba. Hapana. Isome Ibara ya 5. Inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, kisha inazitaja sababu zinazoweza kumzuia: kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Halafu inafunga mlango: nje ya hizo hakuna sababu nyingine. Kufua nguo za watu Muscat hakumo. Kusoma India hakumo. Kinachomzuia dada ni utaratibu tu, kwamba kura inapigwa kituoni na vituo vyote viko ndani ya nchi. Naomba pia tusichanganye mada. Habari ya uraia pacha na ya hadhi maalum kwa waliochukua pasipoti za kigeni ni mjadala mwingine, na una kurasa zake. Mimi namsemea asiyebadilisha kitu.

Sasa majibu ninayopewa kijiweni. La kwanza: aliyeko nje haonji machungu ya nchi. Haya, na askari wetu waliopelekwa Congo mwaka 2013, nao hawakuonja? Na balozi aliyeapishwa kuiwakilisha Tanzania, uchungu wake umeishia uwanja wa ndege? Na hao hawana kituo cha kupigia kura huko waliko. Nchi inamtuma mtu kazini, halafu inamwadhibu kwa kwenda.

La pili: gharama. Sikatai, vituo ni fedha. Lakini hakuna aliyesema tuanze na dunia nzima na madiwani juu. Wakenya walianza na majirani wanne na kura ya Rais peke yake. Sisi tuna ubalozi Nairobi, tunao Muscat, na kote huko raia wanafuatia pasipoti na kuchukuliwa alama za vidole. Mkono unaoweza kutoa pasipoti unashindwaje kutoa kadi ya kura?

La tatu: kura za nje zitaibwa. Jamani! Mwizi wa kura hahitaji nauli ya ndege.

La nne ndilo gumu, na sitalirukia. Rafiki yangu mmoja ananiuliza, baada ya yaliyotokea 2025, kura ni ya nini? Tarehe 29 Oktoba mwaka ule, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu walikufa. Siku zile ujumbe wa dada haukutufikia wala wetu haukumfikia. Mtandao uliporudi, simu ya mama ilipokea ujumbe wake wote kwa mpigo, mmoja juu ya mwingine, na karibu wote una neno moja: "Mko hai?" Mimi nasema hivi. Aliyelala macho siku zote hizo akiuliza kama mama yake yu hai, siasa za nchi hii zinamhusu kuliko mimi niliyejifungia ndani. Kama sanduku lina kasoro, dawa ni kulitengeneza kwa macho mengi zaidi, na yeye anayo macho. Kumwambia kura haina maana wakati hujawahi kumpa ni kumdhihaki.

Na tujiseme wenyewe kidogo. Mzee wetu naye nina ugomvi naye, maana anawajua maseneta wote wa kwao na mwenyekiti wa mtaa wetu hamjui hata kwa sura. Lakini tarehe 27 Novemba 2024, majuma matatu baada ya uchaguzi wa kwao, tulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, na wengi wa tuliomcheka kijiweni hatukuwa tumejiandikisha. Sisi kituo kilikuwa cha kwenda kwa miguu. Dada angelipa nauli ya siku nzima kukifikia.

Kadi yake ya mwaka 2015 ipo. Mama ameifungia kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa na risiti za dawa, na kila akilifungua kopo huifuta vumbi kwa kanga, kana kwamba mwenyewe anarudi kesho kuitumia. Mimi sina la kumwambia mama. Mwenye la kumwambia, awe mbunge, awe mtu wa Tume, awe wewe msomaji unayenitikisia kichwa hivi sasa, aje Mwenge asubuhi. Chai nitalipa mimi.

Naomba kutoa hoja.